Mwaka Niliolitengeneza Gari la Mama Zubeda Kila Alasiri

Mwezi uliopita tulimzika Mama Zubeda kule Ujiji, na mimi nikacheka msibani. Sisemi nilitabasamu. Nilicheka mpaka kofia ikanidondoka, mpaka mzee mmoja aliyekuwa anavuta uradi pembeni akafungua jicho moja kuniangalia. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu habari ilifika Kigoma mjini kabla yangu, na wanaoisimulia wanasema fundi Jerivasi kazeeka, kichwa kimelegea nati. Nati zimelegea kweli, wala sio siri, hata magoti yangu siku hizi yanagonga kuliko injini ninazoletewa. Ila kicheko kile kilikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ilikuwa imekaa inanisubiri kwenye uwanja wa nyumba ile zaidi ya miaka thelathini, mimi sina habari. Kuifikia itabidi niwarudishe kwenye mwaka mmoja wa ujana wangu, mwaka ambao kila mtu anaamini ndio niliojifunza ufundi. Hata mimi niliamini hivyo, mpaka mwezi uliopita.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimeshuka treni kutoka Tabora, nimevaa ovaroli ya bluu yenye madoa ya oili kifuani. Ovaroli na madoa vilikuwa vya kweli kabisa, kilichokosekana ni ufundi. Shule nilikomea kidato cha pili; hesabu zilinishinda, na mimi nikaona nisizisumbue zaidi. Tabora nilikaa gereji moja miaka miwili, na kazi yangu ilikuwa kuosha magari yaliyokwisha kutengenezwa. Mafundi niliwaona migongo tu, wameinama kwenye boneti kama watu wanaokunywa maji kisimani. Majina ya vitu niliyajua, kama mtu anavyojua majina ya wachezaji wa mpira: anayataja vizuri, ila mpe mpira mwenyewe uone aibu. Pale stesheni ya Kigoma mtu wa kwanza kunisemesha alikuwa mama mfupi mnene mwenye kanga ya njano, amekuja kupokea mzigo. Akaniangalia ovaroli juu mpaka chini. "We kijana ni fundi?" Nilikuwa sijala tangu Kaliua, na yule mama alikuwa ananukia mawese, ile harufu ya jikoni mchana. Nikajibu ndiyo. Nadhani aliyejibu ni tumbo.

Ndivyo nilivyofika Ujiji, kwenye nyumba ya Mama Zubeda, na kupewa chumba. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya madumu. Wazee wake walitoka ng'ambo, Kongo, zamani hizo, na biashara ya mawese ilikuwa ya ukoo, basi madumu yalipangwa ukutani mpaka kwenye dari, na kitanda changu kikabanwa katikati. Dirisha lilikuwa moja, dogo. Jua likianza kushuka lilipita kwenye madumu yale na kutua ukutani, na chumba kizima kikawa chekundu, chekundu cha dhahabu, na mimi nimelala chali na ovaroli yangu nahisi kama niko ndani ya tunda. Mpaka leo nikitaka usingizi na usingizi haunitaki, nafumba macho narudi stoo ile. Sijawahi kulala chumba kizuri kama kile, na nimelala hoteli.

Gari lilikuwa kwenye banda la bati, nyuma ya nyumba, pembeni ya mchikichi. Ni wagoni ya rangi ya chai ya maziwa, yenye mkia mrefu, na lilikuwa limekaa miaka sita bila kusogea hata hatua. Matairi yalikuwa yamelala chini, panya wamezaa kwenye kichungi cha hewa, na kuku mmoja aliyekuwa anataga siti ya nyuma aliniangalia kama mimi ndiye nimeingia kwake. Lakini kioo cha mbele kilikuwa kinang'aa. Mama Zubeda alikifuta kila Ijumaa. Banda lilitazama ziwani, na ukikaa siti ya mbele ukaangalia kwenye kioo kile unaliona Tanganyika lote limetandazwa, na mvua ikishaosha hewa milima ya Kongo inasogea, inakaa ng'ambo pale kama watu waliokuja kukutembelea wakaona haya kuvuka. Baba Zubeda alivukia huko huko. Alikuwa mfanyabiashara, akapanda boti kwenda Kalemie na bidhaa zake, akasema anarudi wiki mbili. Siku anaondoka alimpa mkewe funguo za gari na neno moja la kulihusu, ambalo nitalisema baadaye, kwa sababu hata mimi niliambiwa baadaye.

Mambo yenyewe niliyajua kwa kusikiliza. Ukuta wa stoo ulikuwa unapakana na baraza, na siku ya tatu tangu nifike, jioni, walikaa pale ndugu wa mume. Aliyekuwa anaongea zaidi ni Mzee Hamisi, mdogo wake Baba Zubeda, mtu mrefu mwenye fimbo, ambaye zamani alikuwa utingo wa malori na kwa hiyo alijiona anajua magari kuliko wenye magari.

"Shemeji, miaka sita. Kitu kinaoza. Niachie nilikokote, nikalikate vyuma, tumalize."

"Halijaoza. Limelala."

"Limelala! Basi liamshe."

"Nimeleta fundi."

Mzee Hamisi akasema, "Yule mwenye ovaroli?" na mtu wa tatu akacheka puani. Nilijivutia shuka mpaka kichwani, joto lote lile.

"Sikiliza shemeji," Mzee Hamisi akasema. "Nakupa mwaka. Idi ijayo nakuja hapa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya swala. Nataka nilikute baridi, maana injini ya moto inaficha maradhi. Liwake mbele yangu. Linibebe mpaka Kibirizi na kunirudisha. Na lisigonge, nisisikie hata tik moja. Gari linalogonga ni maiti inayotembea, sikuachii wewe na mtoto mpakie maiti. Likigonga, nalichukua siku hiyo hiyo."

"Na lisipogonga?"

"Lisipogonga sitaligusa tena mpaka nife."

"Nyote mmesikia," Mama Zubeda akasema. Na mimi nilikuwa nimesikia.

Kuliwasha haikuwa shida kubwa, na naomba nisichukue sifa. Tuliazima betri ya lori la jirani lililokuwa limeegeshwa tu, nikasafisha plagi kwa msasa, nikamwaga petroli iliyokuwa imegeuka siki, nikajaza matairi upepo, nikahamisha panya kwa heshima. Oili niliipima kwa kile kijiti chake. Ilikuwa imejaa, inapita hata alama, na ilikuwa inang'aa, ina wekundu fulani mzuri. Nikamwambia Mama Zubeda, "Oili yako safi kabisa, hiyo tusiiguse." Akafurahi sana. Mwezi wa pili tangu nifike, asubuhi moja, injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe uliofukuza kuku wote wa mtaa, ikawaka. Zubeda, binti yake wa miaka tisa, akaruka ruka. Kisha tukanyamaza wote watatu, maana humo ndani kulikuwa na mtu anagonga. Tik-tik-tik-tik-tik. Kama kucha kwenye sahani ya bati.

"Nini hiyo?" Mama Zubeda akauliza.

"Tapeti," nikasema, kwa sauti ya mafundi wa Tabora. Na ilikuwa tapeti kweli, ile ajali ya mtu kubahatisha jibu. Tapeti ni vile vyuma vidogo juu ya injini vinavyosukuma valvu zifunguke na kufunga. Vikikosa oili vinagongana vikavu, na hapo ndipo unasikia kucha kwenye sahani. Leo namweleza mteja hivyo kwa dakika moja. Wakati ule nilijua jina tu, na kwamba kuna nati za kukaza.

Basi maisha yakawa hivi. Asubuhi Mama Zubeda anatoka na kikombe cha chai, anasimama mlangoni pa banda, mimi nawasha. Tik-tik-tik-tik. Tunasikiliza kama watu wanaosomewa matokeo ya mtihani. "Bado," anasema. "Bado kidogo," nasema mimi. Anaenda kwenye mawese yake, mimi naliacha lingurume, halafu nafungua boneti, nakaza nati, nalegeza nati, naifuta nati ambayo haikuniomba. Ikifika alasiri nawasha tena. Kimya! Injini laini kama cherehani mpya. Naita, "Mama, limepona!" Anakuja anasikiliza, anacheka, ananipakulia: ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa mawese, na siku za neema samaki mgebuka mzima, kichwa kimening'inia nje ya sahani. Nalala kwenye chumba changu chekundu nikiwa fundi. Kesho asubuhi tik-tik-tik-tik.

Nililitengeneza gari lile kila alasiri karibu mwaka mzima. Sidhani kama Tanzania nzima kuna fundi aliyewahi kuponya ugonjwa mmoja mara nyingi vile. Wavuvi walikuwa wanakatisha nyuma ya banda wakirudi kutoka ziwani na nyavu mabegani, na mmoja wao, Muha wa kutoka Kagunga, hakuacha kunisalimia hata siku moja: "Mwakeye, fundi! Mgonjwa kaamkaje?" Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi hawana kazi, basi walikuja kukaa kwenye mchanga pale wananiangalia, wananipa ushauri. Mmoja alisema nilifukize ubani. Mwingine akasema, "Hilo linakutaka uoe."

Kuna jambo moja lilinishangaza na sikulifuatilia, na ndiyo maana nasema shule ingenisaidia. Kila injini ikipata moto, mimi nilishikwa na njaa. Sio njaa ya kawaida, njaa ya mate kujaa mdomoni. Nilidhani ni kazi. Watu waliopita nyuma walikuwa wanauliza, "Leo mnapika nini hapo?" na sisi tunajibu bado hatujapika. Mama Zubeda mwenyewe alikuwa anasimama karibu na bomba la moshi anavuta pumzi kidogo, anafumba macho, anaondoka. Nilifikiri anapenda petroli. Kuna watu wanapenda petroli.

Alasiri zile, likishanyamaza, alikuwa anaingia siti ya mbele, ya abiria, anakaa. Hakuwahi kukaa ya dereva. Aliangalia ziwa kwenye kioo na mimi nikala sahani yangu kwenye usukani, na ziwa lilikuwa limetulia, na mitumbwi imesimama juu yake kama imesahaulika, na injini inaunguruma taratibu chini yetu. Mtu ungeapa tunasafiri. Mara nyingine nilisahau kama hatusogei. Nilikuwa naona kama ng'ambo inakuja polepole, kama dakika kumi tu zimebaki tuingie Kongo na kuku wetu siti ya nyuma. Alikuwa ananisimulia vitu vidogo: mumewe alivyokuwa anapiga honi mara mbili akifika kona ya msikiti ili chai iwekwe, na jinsi alivyokuwa hapendi mgebuka wa kukaanga. Habari nyingine, zile za watu waliosema wamemwona soko la Uvira, Kongo, na mke mwingine na watoto wawili, hakunisimulia. Hizo nilizisikia barazani, kupitia ukuta, wanawake wakizisema kwa sauti ya chini akiwa ameingia ndani kuchukua sukari.

Siku moja aliniuliza, "Fundi, kwa nini likilala linarudia?" Nami mjinga, kinywa kimejaa sombe, nikamjibu, "Gari lina mawazo, mama. Likiachwa peke yake linamkumbuka mwenyewe." Nilikuwa natania. Hakucheka. Alishuka, akafunga mlango polepole, akaenda ndani, na siku ile sahani yangu ya jioni ililetwa na Zubeda.

Zikabaki wiki tatu Idi ifike. Ilikuwa kiangazi, asubuhi za baridi ile ya ziwani, watu wanatembea wamejifunga vitenge mabegani, na injini asubuhi ilikuwa inagonga kuliko wakati wowote. Mzee Hamisi akapita siku moja, akasimama nje ya ua bila kuingia, akasikiliza, akaenda zake anapiga mluzi. Mama Zubeda alipunguza kula. Mimi sikupunguza, ila nilikuwa nakula bila raha. Nilishaanza hata kufikiria treni ya kurudi Tabora, nitoroke kabla sijamwona mama huyu ananyang'anywa gari lake mbele ya mtoto wake kwa ajili ya uongo wangu wa stesheni.

Halafu asubuhi moja jirani alikuja kuchukua betri yake, lori lake lina safari. Kwa hiyo siku ile sikuweza kuwasha kwanza. Tangu nianze sikuwahi kufungua injini ikiwa ya baridi, kwa sababu Tabora niliona wanafungua ikiwa ya moto, na mimi nilikuwa naigiza kila kitu nilichoona. Nilikuwa nimeketi na kiporo changu cha sombe ya jana, sahani juu ya bawa la gari, na kwa kukosa la kufanya nikafungua kifuniko cha juu, kile kinachofunika tapeti. Nikakigeuza. Ndani yake kulikuwa na utando wa njano uliokolea, mzito, umeganda, umepasuka pasuka. Nikauangalia. Nikaangalia sahani yangu. Juu ya sombe ya jana kulikuwa na utando wa njano uliokolea, mzito, umeganda, umepasuka pasuka. Nikagusa mmoja kwa kidole, nikagusa na mwingine. Naona haya kusema, lakini nilionja zote mbili.

"Mama!" nikaita. "Mama, njoo."

Alikuja na mwiko mkononi. Nikamwonyesha kifuniko. Hakuuliza nini hiki. Alikiangalia kwa muda, akaingia kwenye gari, akakaa mahali pake pa abiria, mwiko mapajani.

"Vijiko viwili," akasema. "Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, pale pa kumiminia oili. Nikishafuta kioo."

"Kwa nini, mama?"

"Alisema nisiache likauke." Hilo ndilo lilikuwa neno lenyewe. "Alinipa funguo akaniambia, mke wangu, usiache gari likauke. Sasa mimi nijue nini cha magari? Kwetu kitu usichotaka kikauke unakipa mawese. Ngozi ya mtoto, bawaba, mpini wa jembe. Nikalipa mawese."

Nilimwelewa haraka kwa mara ya kwanza mwaka mzima. Yule bwana alikuwa anasema maji ya rejeta, au betri, sijui. Mawese yaliingia kwenye oili yakachanganyika, na kila injini ikipoa yaliganda kwenye vile vitundu vyembamba vinavyopandisha oili mpaka kwenye tapeti. Asubuhi vitundu vimezibwa, tapeti kavu, tik-tik-tik. Mchana injini imepata moto, mawese yameyeyuka, kimya, fundi Jerivasi anapakuliwa mgebuka. Na ile njaa yangu ilikuwa gari zima linakaanga.

"Na mimi nina langu," nikamwambia. "Tabora nilikuwa naosha magari."

"Najua."

"Unajua?"

"Siku ya kwanza tu. Fundi gani anaosha matairi kabla ya kufungua boneti?"

"Sasa mama, mwaka mzima! Kwa nini hukunifukuza?"

Alizungusha mwiko. "Kila siku alasiri kuna mtu ananiita ananiambia limepona. We unadhani ni wangapi nyumba hii walikuwa wananiambia kitu kama hicho?"

Milima ya ng'ambo siku ile haikuonekana kabisa, ukungu mtupu. Kisha nikamwambia inabidi tuyatoe yote. Nilitegemea aseme sawa, fanya. Mtoto alipita akaita, "Mama, maji yamechemka," hakumjibu. Mwishoni akaniambia, "Subiri nilete beseni zuri," na akaleta lile la maua, la kuogeshea mtoto, akaliweka chini ya injini kwa mikono yake.

Jirani aliporudisha betri, tuliipasha injini moto, nikafungua nati ya chini. Ikatoka nzito, ya rangi ya kahawa yenye wekundu, ikiwa na harufu ya sherehe. Alichuchumaa anaiangalia mpaka tone la mwisho.

"Miaka karibu saba yote," akasema. "Nilidhani ingejaa zaidi."

Akalibeba beseni mwenyewe mpaka shimoni nyuma ya ua, hakutaka nimsaidie. Aliporudi alikuwa amefunga kanga upya, kiunoni, kama mtu anayeanza kazi.

Wiki mbili nilitia oili mpya yenye mafuta ya taa kidogo, nawasha, namwaga, natia tena. Nikafungua na ule mhimili unaobeba tapeti, nikazibua vitundu vyake kwa spoku ya baiskeli, kimoja kimoja, vidogo kama jicho la dagaa. Kilibaki kimoja cha katikati ambacho spoku iliingia nusu ikagoma. Nilisukuma, nikazungusha, nikanong'ona maneno. Ikagoma. Nikajiambia kitafunguka chenyewe na moto. Asubuhi zilizofuata lilikuwa linagonga kidogo sana, halafu sikusikia tena, au sikutaka kusikia. Siku mbili kabla ya Idi nilitumwa Katonga kwa mtu wa madumu yetu, nikalala huko huko. Nakumbuka nilivyokuwa natembea kwenye mchanga wa mwalo wa wavuvi, mikono nyuma, tumbo mbele.

Asubuhi ya Idi Mzee Hamisi alipiga hodi kabla hata jua halijatoka vizuri, na kanzu yake nyeupe na fimbo. Nilitoka stoo nikamkuta Mama Zubeda ameshaamka zamani, anakaanga vitumbua. Jiko lilikuwa nje, karibu kabisa na banda, upande ambao hakuwahi kupikia. Nililiona. Nikala vitumbua sita, nikanyamaza.

Mzee Hamisi aliweka kiganja juu ya boneti. "Baridi," akasema, ameridhika. Akafungua boneti, akaweka ncha moja ya fimbo juu ya injini na nyingine sikioni, kama walivyofanya mautingo wa zamani. "Washa."

Nikazungusha funguo. Likawaka. Nilingoja ile kucha. Sote tuliingoja, Zubeda alikuwa amejishika masikio. Haikuja. Mzee Hamisi alihamisha fimbo huku na huku, akainama, akabadilisha sikio. "Mbona kunanukia makaa?" akauliza.

"Vitumbua, shemeji. Chukua hiki cha moto."

Akachukua. Tukaenda. Mimi kwenye usukani, yeye nyuma mahali pa kuku, Mama Zubeda mbele. Tukapanda Mwanga, tukateremka mjini, tukafika Kibirizi, dagaa wameanikwa mchangani, mwalo mzima unang'aa kama fedha, na gari halikusema neno. Kurudi tukasimama pale pale uani. Mzee Hamisi alishuka, akafunga mlango kwa adabu, akainama dirishani. "Shemeji," akasema, "gari lako." Hakusema la kaka. Akaenda kuswali. Mama Zubeda alibaki amekaa anaangalia ziwa kwenye kioo, na mimi nikaangalia upande mwingine, kumpa nafasi. Mara nikasikia ananisukuma bega. "Toka hapo kwenye usukani. Nifundishe."

Aliendesha lile gari miaka minane, anabeba dagaa na madumu kutoka Kibirizi, honi yake inajulikana. Na mimi nikawa fundi, kwa sababu Mzee Hamisi alinitangaza Ujiji nzima, watu wakaanza kuniletea injini, ikabidi nijifunze kwa nguvu. Nina gereji Mwanga, nimewafundisha vijana ambao sasa wana gereji zao. Wakinijia na injini iliyowashinda nawaambia habari ya Idi ile, jinsi nilivyonyamazisha gari la Mama Zubeda.

Basi mwezi uliopita, siku ya tatu ya msiba, Zubeda ambaye sasa ni bibi, na ana mwili wa mama yake, alikuja akaketi karibu yangu kwenye mkeka.

"Mjomba Jerivasi, unakumbuka nyumba hii chai ya asubuhi ilikuwa inachelewa kila siku?"

"Nakumbuka ile ya Idi, mlitupa vitumbua vikavu, bila chai."

"Ulipokuwa Katonga, mama aliliwasha mwenyewe asubuhi. Likagonga."

"Haiwezekani."

"Likagonga, mjomba. Nilikuwepo. Kidogo, lakini baba mdogo angelisikia. Siku ya Idi mama alikoka jiko tangu alfajiri, akalisukuma chini ya tumbo la gari. Alipomsikia baba mdogo anapiga hodi akalivuta, akabandika vitumbua."

Nilimwangalia. "Siku ile tu?"

"Kila asubuhi. Mpaka gari lilipokufa. Ndiyo maana chai yetu ilikuwa inachelewa, jiko liko kazini."

"Miaka minane? Chini ya gari la petroli? Angelipua Ujiji! Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimuuliza. Akasema, yule mtoto ameshaanza kutembea kama fundi. Ukimwambia leo, atarudi Tabora kuosha matairi."

Hapo ndipo nilipocheka, na kofia ikadondoka. Nilipomaliza, machozi yalikuwa hayajamaliza, nikainuka nikasema naenda kunawa uso. Nikazunguka nyuma. Banda bado lipo, bati zimetoboka, ndani wanaweka kuni. Nikasogeza kuni pembeni, pale ambapo zamani ilikuwa inakaa pua ya gari. Chini kwenye udongo kuna duara, ukubwa wa jiko, limeiva jekundu na gumu kama tofali. Nilichuchumaa kwa shida, magoti yakagonga, nikaweka kiganja katikati yake. Limepoa, bila shaka, limepoa miaka mingi. Kwenye matundu ya bati ziwa lilikuwa limetulia, na ng'ambo inaonekana wazi kabisa. Nikashikwa na njaa.